Malkia Aliyeponywa Mguu

"Kaa chini, watu wanatutazama," mchumba wake alimnong'oneza, akimvuta gauni.

Mfamasia hakukaa. Kwenye skrini, Malkia wa Mlima wa Chumvi alikuwa anakimbia kama swala, miguu imenyooka, huku ukumbi mzima ukipiga makofi.

Kitabu kilichozaa filamu hiyo alikisoma tangu utotoni, siku ambazo wenzake waliruka kamba naye akabaki kibarazani, kwa kuwa alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi. Malkia wa kitabuni alichechemea kama yeye. Jini alipojitolea kumponya, alikataa. "Mguu huu ndio unaoijua njia," alimjibu.

Yeye na mchumba wake walikutana kwenye harusi ya rafiki, wakabishana juu ya malkia huyo mpaka keki ikaisha. Mwanamume alipopewa kazi ya kuandika filamu ya kitabu hicho, aliapa hatagusa hata nukta.

Mfamasia akapita kwenye magoti ya watu hadi nje. Mchumba akamfuata mbio mpaka penye meza ya bisi.

"Umemfanya nini malkia?"

"Siyo mimi, mpenzi. Ni mtayarishaji. Nilimpinga kufa na kupona, lakini mwenye nguvu mpishe."

"Kweli ulimpinga?"

"Haki ya Mungu."

Hasira ilikuwa imeanza kumshuka pale dada wa mchumba, aliyeshona mavazi ya filamu, alipotoka ukumbini akitabasamu.

"Wifi, umeipenda zawadi yako?"

"Zawadi gani?"

"Si huo mguu. Mtayarishaji alitaka malkia abaki kama kitabuni, mpaka viatu nilishatengeneza, kimoja soli nene. Mwenzio akakataa katakata. Eti ukimwona amepona utalia kwa furaha."

"Dada, nyamaza," mchumba alisema.

"Kwani nimesema nini?"

Mfamasia akamgeukia mchumba wake.

"Nilidhani utafurahi," mchumba alisema kwa sauti ya chini.

"Nifurahi? Miaka yote hii unanishika mkono, kumbe unasubiri nipone?"

"Hiyo ni filamu tu."

"Basi mbona umenidanganya, tena kwa jina la Mungu?"

Mfamasia akavua pete, akaisukumia kiganjani mwa wifi yake aliyeduwaa, akaenda zake.

Nyumbani, simu ikaita mpaka ikachoka. Kisha ujumbe ukaingia: "Nisamehe. Nakupenda ulivyo."

Akaandika: "Huyo nilivyo ndiye uliyemfuta. Usinipigie tena."

Mama yake alipousoma alishusha pumzi. "Mwanangu, hasira hasara. Wanaume wa kukupenda hawaokotwi barabarani."

"Mama, na wewe unaona nimebahatika kupendwa?"

Jioni hiyo kila mmoja alikula kivyake.

Asubuhi mchumba alikuja duka la dawa, akapanga foleni nyuma ya mama mwenye mtoto anayekohoa. Mama yule akaambiwa akae kwenye benchi wakati dawa inachanganywa. Zamu ya mchumba ikafika.

"Nikusaidie nini?" mfamasia aliuliza, kama anavyomuuliza mtu yeyote.

"Nimekuja kusema ukweli. Niliona aibu. Tukitembea, watu wanakutazama, na mimi ndiye ninayeumia. Nikaandika kile nilichokitamani."

Mfamasia aliweka chupa mezani polepole. Maneno yalimkata zaidi ya ule uongo, lakini haya angalau aliambiwa usoni.

"Asante. Ungeniambia hayo mapema, tungegombana, tukalia, labda tukaelewana. Wewe ulikwenda kuwaambia watu wa filamu."

"Kwa hiyo hunisamehi?"

"Nitakusamehe. Leo bado nina hasira, niache nayo. Ila hata ikiisha, wewe hunioi."

"Nitabadilika."

"Badilika. Utamfaa mwingine."

Mwanamume alibaki amesimama, amekamata ukingo wa kaunta, mpaka mzee wa nyuma yake akakohoa kwa makusudi.

Mfamasia akaichukua chupa ya dawa ya mtoto. Angeweza kumwita yule mama aje aifuate. Akatoka mwenyewe nyuma ya kaunta, akapita mbele ya mwanamume yule akichechemea, bila haraka, hadi kwenye benchi.

"Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni," alimwambia mama. "Na uitikise kwanza."

Alipogeuka, mlango ulikuwa unajifunga.