Keki ya Karakara ya Kamakis

Kila Jumamosi asubuhi Absalom Okello na binti yake Trizah walivaa raba zao wakatoka kwenda kutembea. Mambo hayo yaliletwa na daktari. Absalom alisimamia mashine katika kiwanda kimoja mjini Ruiru, na siku alipopimwa presha aliambiwa atembee, tena atembee sana. Alijaribu siku mbili akachoka. Alisema mtu mzima hawezi kuzurura tu bila kuwa na anakokwenda, majirani watadhani ameanza kuchanganyikiwa.

Trizah, mwanafunzi wa Gredi ya Sita aliyependa vitu vitamu kupita kiasi, ndiye aliyepata suluhisho.

"Baba, tutembee hadi duka la keki. Tununue kipande kimoja tu. Wewe ule kona, mimi nile kinachobaki."

"Na daktari atasema nini?"

"Daktari alisema utembee. Hakusema utembee na njaa."

Basi wakaanza hivyo. Walizunguka maduka ya keki ya Ruiru mjini, wakafika hadi Kimbo. Shule zilipofungwa walienda Thika kwa shangazi Wilkister, wakazunguka mji ule mtaa baada ya mtaa hadi shangazi akauliza kama nyumbani kwao hapapikwi. Trizah alikuwa na ulimi makini. Aliweza kutofautisha keki ya leo na keki ya jana, na aliweza kukwambia kama mwokaji alibania mayai. Mwalimu Ngina, msimamizi wa chama cha wanahabari shuleni, aliposoma alivyoandika kuhusu keki za Thika, alimpa nafasi ya kusoma mbele ya shule kwenye gwaride la kila Jumatatu. Kipindi chenyewe kikaitwa Keki ya Wiki. Wanafunzi waliokuwa wakisinzia wakati wa matangazo walizinduka Trizah aliposhika maikrofoni.

Kulikuwa na sheria moja. Absalom hakuruhusiwa kusema lolote kuhusu keki kabla Trizah hajaandika. Sheria hiyo ilikuwa na sababu, kwa maana Absalom alisifu kila kitu kilichowekwa mbele yake, hata maji.

Jumamosi moja, Trizah akiwa na mafua ya tangu katikati ya wiki, walielekea Kamakis, mtaa wa Ruiru unaojulikana kwa nyama choma. Huko Wamboi, mama yake Becky, alikuwa amefungua duka dogo la keki. Becky alisoma darasa moja na Trizah, na wiki nzima alikuwa amemsihi aende akaonje keki ya mamake ya karakara, lile tunda la pasheni. Mama Trizah alimwona binti yake akipenga kamasi akamwambia abaki nyumbani. Trizah alikataa katakata. Shule nzima ilikuwa inangoja Jumatatu, sasa angesoma nini?

Walipofika Kamakis, Absalom alisimama barabarani akafumba macho. Majiko ya nyama choma yalikuwa yameshawashwa pande zote mbili.

"Woi! Moshi huu utanimaliza," alisema. "Trizah, unasikia hiyo harufu?"

"Twende, Baba," Trizah alijibu. Hakuwa amesikia harufu yoyote, lakini hakulitia hilo maanani.

Duka la Mama Becky lilikuwa safi, lina meza mbili na kabati la kioo. Mama Becky alitoka mwenyewe nyuma ya kaunta akifuta mikono kwa aproni. "Karibuni sana. Becky amenisumbua juu yenu mpaka nikachoka." Akawakatia kipande kinene, cha rangi ya manjano.

Trizah alitafuna polepole kama kawaida yake. Alipata sukari. Akangoja karakara ifike, haikufika. Alitafuna tena. Ilikuwa sukari tu na kitu laini kisicho na mbele wala nyuma. Absalom, kwa upande wake, alitia kona yake mdomoni akafungua macho makubwa.

"Mmh! Aisee, hii nayo..."

"Baba! Sheria!"

Absalom akafunga mdomo. Akamalizia kona yake kimya kimya huku akikitazama kipande cha bintiye kwa huzuni.

Jioni ile Trizah aliandika. Kusema kweli, aliandika kwa raha. Keki mbovu ina raha yake kwa mwandishi, kwa sababu maneno ya kuchekesha huja yenyewe. Jumatatu, sauti yake ikikwaruza kwa mafua, aliwasomea wenzake: "Tuliahidiwa karakara. Nadhani karakara hiyo bado iko njiani kutoka Thika. Nilichopata mimi ni sukari. Kula keki hii ni kama kutafuna godoro lililonyunyiziwa sukari."

Shule nzima iliangua kicheko. Trizah alisubiri kicheko kiishe, kisha akasoma sentensi ya mwisho polepole ili achekewe tena. Hakumtazama Becky. Alijua Becky yuko mstari wa tatu, na ndiyo maana hakuangalia upande huo.

Kufikia saa ya chakula cha mchana Becky alikuwa na jina jipya. "Godoro, sasa!" "Niaje, Godoro? Umelaliwa?" Becky alikula peke yake karibu na mifereji ya maji. Trizah alijiambia kwamba yeye alisema ukweli tu, na mkweli hapaswi kulaumiwa. Maneno hayo yalimtuliza kidogo, ingawa hakuthubutu kwenda kuketi karibu naye.

Jumatano asubuhi mama yake alienda kuanua nguo, akasahau uji jikoni. Uji ukaungua. Eddie, mdogo wake Trizah, alipiga funda moja akasukuma kikombe mbali.

"Aki Mama, hii uji imeungua! Inanuka moshi!"

Absalom alionja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alishindwa kusifu. Mama mwenyewe alikunja uso akaanza kukusanya vikombe. Kikombe cha Trizah kilikuwa kitupu.

"Wewe umemaliza?" Mama aliuliza kwa mshangao.

"Kwani una nini? Mimi sijaona shida. Una sukari ya kutosha."

"Sukari tu ndiyo unasikia? Haiya! Hiyo mafua imekuziba kabisa. Mtu mwenye pua imeziba hasikii ladha, mtoto wangu. Ulimi husikia sukari na chumvi na ukali wa ndimu. Hayo mengine yote yanapita kwa pua. Jana nilitia dania kwa mchuzi, ulisikia?"

Trizah hakuwa amesikia dania. Alikumbuka moshi wa nyama wa Kamakis ambao haukumfikia, akamkumbuka baba yake akifungua macho makubwa. Karakara ilikuwamo kwenye ile keki. Ambaye hakuwamo ni yeye.

Angeweza kusema siku hiyohiyo. Hakusema. Alijipa sababu nyingi: kwamba watu watasahau, kwamba Jumatatu ijayo ataandika kitu kizuri kuhusu duka hilo bila kueleza chochote. Lakini saa nane mchana Mwalimu Ngina aliingia darasani kutangaza habari za siku ya zawadi, ile ya kuwatuza wanafunzi bora. Ijumaa alasiri, alisema, kamati ingechagua atakayeoka keki kubwa ya siku hiyo. "Tulikuwa tumefikiria duka la Mama Becky, kwa kuwa ni mzazi wetu na ndiyo kwanza anaanza biashara. Lakini baada ya tuliyoyasikia Jumatatu, walimu wengi wanaona heri tuagize Thika."

Becky aliinamisha kichwa juu ya dawati. Mtu fulani nyuma akanong'ona, "Godoro." Trizah alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni alimweleza baba yake kila kitu, hata kile kicheko alichokingoja. Absalom alisikiliza hadi mwisho. Hakugomba, na hilo lilimuumiza Trizah zaidi kuliko kama angegombezwa.

"Ile keki ilikuwa tamu, Baba?"

"Nyathina, mwanangu, mimi ulinikataza kusema," Absalom alijibu. "Na sasa nikisema, itakuwa ni maneno yangu, si yako. Kesho ukitoka shule tutatembea hadi Kamakis. Hatuendi kula."

Alhamisi walitembea bila mazungumzo mengi. Walipokaribia Kamakis Trizah alisimama ghafla. Moshi wa nyama choma ulikuwa umempiga puani, mnene, wa mafuta yanayodondokea makaa. Pua ilikuwa imefunguka. Wiki iliyopita angefurahi. Siku hiyo macho yalimjaa machozi, kwa kuwa alielewa vizuri alichokuwa amekikosa na bado akakitolea hukumu.

Mama Becky aliwaona wakiingia. Hakutoka nyuma ya kaunta. Kabati la kioo lilikuwa limejaa keki, na jioni ilikuwa inaingia.

"Shikamoo, Mama Becky. Nimekuja kuomba msamaha," Trizah alisema. "Siku ile nilikuwa na mafua. Sikuwa nasikia ladha ya kitu chochote. Na sikujichunguza. Nikasema haina karakara."

"Unajua mimi huamka mapema kukamua hizo karakara kwa mkono?" Mama Becky aliuliza. "Umenifanya nionekane mwizi. Na mtoto wangu amekataa kwenda shule kesho."

"Nikatie kipande sasa, tafadhali. Pua imefunguka. Nitaandika tena."

"Hapana." Mama Becky alisema bila ukali. "Hapa tuko watu watatu. Yale maneno uliyasema mbele ya shule yote. Mwambie Mwalimu Ngina nitakuja kesho asubuhi na keki. Utaonja hapo hapo mbele ya watoto wote. Na sitaki unisifu kwa kunionea huruma. Nataka uionje tu. Ikiwa mbaya, sema ni mbaya."

Usiku Trizah alihangaika. Itakuwaje kama keki ile kweli si nzuri? Itabidi amuumize mwanamke yule mara ya pili, mbele ya watu walewale. Kusifu tu kungekuwa rahisi, lakini hilo nalo lingekuwa uongo.

Ijumaa asubuhi Trizah alimfikishia Mwalimu Ngina ujumbe huo, na wanafunzi walipokusanyika uwanjani mwalimu alimpa maikrofoni bila kuwaeleza chochote. Mama Becky alisimama kando na trei iliyofunikwa kitambaa. Becky alikuwa amekuja kwa kuburutwa, akasimama nyuma ya mamake akitazama viatu vyake. Trizah alipiga moyo konde.

"Jumatatu niliwaambia keki ya Mama Becky haina karakara," alianza. "Sikuijua ladha yake. Nilikuwa na mafua, pua imeziba, hata uji ulioungua niliunywa nikaumaliza." Wachache wakacheka. "Nilipaswa kusema sijui. Nikaona godoro litawachekesha, nikasema godoro. Becky, naomba unisamehe."

Mama Becky akafunua trei. Trizah aliziba pua kwa vidole viwili, akatia kipande mdomoni, akatafuna. Sukari tu, na ulaini, sawasawa na siku ile. Kisha akaachia pua.

Karakara ilikuja yote kwa mpigo, harufu nzito ya tunda lililoiva, na nyuma yake harufu ya siagi. Trizah alifumba macho bila kujua. Shule nzima ilikuwa inamtazama usoni, na uso wake ulikuwa umeshasema.

"Ipo," alisema. "Karakara ipo, tena nyingi. Ni keki tamu kuliko zote nilizoonja Ruiru." Akasita kidogo, akamtazama Mama Becky. "Lakini... sehemu ya chini imekauka kidogo."

Walimu wakaguna. Mama Becky, kinyume na walivyotarajia, alicheka kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni kweli! Oveni yangu inachoma chini. Nimekuwa nikitafuta mtu wa kuniambia, kila mtu ananiambia tu ni tamu." Kisha akageukia mistari ya wanafunzi. "Sasa nani alikuwa anaita mtoto wangu Godoro? Kujeni hapa mbele, mzibe pua."

Walienda wavulana wanne, wakiwa na haya. Walitafuna wakiwa wameziba pua, wakaachia, na sura zao zikawachekesha hata wanafunzi wa mstari wa nyuma. Becky alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka pia. Alasiri ile kamati haikuchukua muda mrefu. Keki ya siku ya zawadi ingeokwa Kamakis.

Baadaye Trizah alimwendea Mwalimu Ngina ofisini akamwambia afadhali Keki ya Wiki apewe mtu mwingine.

"La, utaendelea," Mwalimu Ngina alisema. "Leo umesema ukweli mara mbili. Ulikiri kosa lako, na ukasema chini imekauka wakati ambapo kusifu tu kungekuokoa. Lakini kumbuka hili, Trizah. Anayehukumu kazi ya mtu mwingine ameshika riziki yake mkononi. Kabla hujasema kazi ya mtu ina kasoro, hakikisha kasoro haiko kwako. Na usipojua, neno 'sijui' halijawahi kumfilisi mtu yeyote."

Jumamosi baba na binti walitembea tena, safari hii wakiwa watatu, maana Becky aliomba kwenda nao. Walinunua kipande kimoja cha keki ya ndizi wakakigawa. Trizah alitafuna, akafikiri, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, sheria nimeifuta. Wewe unasemaje?"

Absalom alimeza taratibu, kama jaji. "Tamu sana," akasema.

"Baba, wewe hata maji unasema ni matamu."

"Uji wa Jumatano sikuusifu," Absalom alijibu. "Ungeniuliza siku ile Kamakis, ningekwambia karakara ipo."

Trizah alikivuta kile kipande karibu. Alimkatia baba yake kona nyingine, kubwa kidogo kuliko ile ambayo daktari angependa.