Mtani Hachanji Kuni

Novemba ya mwaka 2008, Jumamosi ya msimu wa korosho, mji wa Nachingwea ulikuwa umejaa watu waliochoka wenye hela mfukoni, na hakuna mtu rahisi kuuziwa kitu kisichomfaa kama huyo. Letisia alikuwa mmoja wao. Alikuwa ametoka Ruangwa alfajiri, amesimama nyuma ya lori njia nzima, na pindo la gauni lake la kitenge cha bluu lilikuwa jekundu kwa vumbi. Sasa alisimama mbele ya kaunta ya Adinani, muuza simu, redio na kila kitu chenye betri, akiwa ameshika kamera kubwa kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Anti, hiyo ndiyo yenyewe," alisema Adinani. "Megapikseli za kumwaga! Ukining'iniza hiyo shingoni Ruangwa nzima itakuamkia."

Letisia aliiweka jichoni. Aliona ukungu mtupu.

"Mbona sioni kitu?"

"Labda macho, anti."

Neno hilo lilimchoma. Macho ndiyo yaliyomleta hapo. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa mashela ya maharusi, na kwa miezi sasa uzi ulikuwa unakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Mgongo nao ulikuwa umechoka. Alitaka kazi ya kusimama, ya kuangalia mbali.

"Macho hayana kosa," ilisema sauti pembeni. Mwanamume mrefu, mwenye shati la kijivu lililofifia kwa kufuliwa, alikuwa ameegemea friji ya soda akisubiri chenji ya betri zake. "Kuna kigurudumu kidogo hapo ubavuni pa tundu la kuchungulia. Kizungushe taratibu, usiache kuangalia."

Letisia alizungusha. Ukungu ukayeyuka. Ng'ambo ya barabara akamwona mama muuza maembe, akaona jasho juu ya mdomo wake, akaona hata mshono wa kanga yake uliofumuka.

"Jamani!" alisema, akasahau kuishusha.

"Kila jicho lina mahali pake," alisema yule bwana. "Sasa endelea kuishika hivyohivyo. Usiishushe."

Aliishika. Baada ya muda mkono ukaanza kumtetemeka.

"Umeona? Na harusi ni kuanzia misa mpaka keki. Unataka kupiga nini hasa?"

"Maharusi. Nawashonea mashela, halafu anakuja mpiga picha kutoka huko mjini, shela langu linatoka kama shuka la hospitali."

"Ndani au nje?"

"Ukumbi wa parokia. Taa mbili, moja imekufa."

"Basi hizo megapikseli hazikusaidii kitu. Chukua kamera nyepesi, hata ikiwa ya mwaka juzi, hela inayobaki iweke kwenye lenzi yenye mdomo mpana, inayomeza mwanga. Kamera utaibadilisha. Lenzi nzuri utazeeka nayo."

"Felisian, unaniharibia biashara!" alilalamika Adinani.

"Nakupunguzia mteja wa kuja kurudisha mzigo."

Letisia alimtazama kwa mara ya kwanza. "Felisian. Wewe mtu wa wapi?"

"Songea."

"Mngoni!" Letisia aliiweka kamera mezani, akashika kiuno. "Nilijua tu. Babu zenu walitukimbiza na mikuki mpaka milimani, leo mjukuu anataka kunikimbiza na lenzi!"

"Mmwera? Kumbe naongea na mtumwa wangu muda wote huu bure!"

Duka zima likacheka. Kwa asiyejua: Wamwera na Wangoni ni watani. Walipigana zamani, na siku hizi wanatukanana kwa raha. Mtani anaweza kula chakula chako bila kuomba, anaweza kukuita mke wake mbele ya mumeo, na mumeo akampa kiti. Anayekasirika ameshindwa.

Letisia hakununua kamera siku hiyo. Aliondoka na namba ya simu.

*

Ruangwa wakati ule mtandao ulikuwa unashika vizuri ukisimama kwenye ngazi ya duka la Letisia, bega likiwa limegusa nguzo. Jioni nyingi alionekana pale, simu sikioni, Felisian upande wa pili.

"Mtumwa wangu, hujambo?"

"Sijambo, bwana wangu uliyefulia. Umeshinda salama?"

"Nimeshinda studio nikipiga picha za paspoti. Watu hawacheki kwenye paspoti, Leti. Unajua inachosha vipi, kuwaambia watu wasicheke mwaka nenda mwaka rudi?"

"Pole. Njoo mimi nikucheke."

"Nitakuja. Nitakuletea kamera mbili za kushika. Usinunue kitu kwa macho, nunua kwa mkono."

Alikuja kweli, kwa pikipiki ya kuazima, nyusi zikiwa nyekundu kwa vumbi. Letisia alikuwa amevaa blauzi nyeupe aliyoishona mwenyewe na kujipaka mafuta ya nazi, kisha akajifanya amevaa tu. Felisian aliziweka kamera juu ya meza ya kukatia: moja mpya yenye lenzi ndefu ya kuvuta, nyingine nyepesi, rangi imechubuka pembeni, na lenzi fupi isiyovuta chochote.

"Hii kizee ya nini?" aliuliza Letisia. "Haivuti hata kidogo."

"Miguu yako ndiyo itakayovuta. Ukitaka karibu, sogea."

"Mngoni na uvivu wake, hata kamera anachagua mvivu mwenzake."

"Piga kwanza, tukana baadaye."

Shela lilikuwa limetundikwa mlangoni na jua lilikuwa linaondoka. Letisia alipiga kwa ile mpya, akapiga kwa ile kizee. Felisian hakumruhusu kuamua kwa kioo kidogo cha nyuma, maana kioo hicho kinasifia kila kitu. Alitoa kadi, akaichomeka kwenye kompyuta mpakato aliyoibeba mgongoni, akazikuza picha zote mbili. Ya kwanza ilikuwa na chengachenga, shela limekuwa kijivu. Ya pili ilikuwa tulivu. Maua ya lesi yalionekana moja moja, na kifuani zilionekana zile shanga ndogo Letisia alizozitia kwa mkono huku macho yanamtoka machozi.

"Uzi wangu unaonekana," alisema kwa sauti ndogo. "Feli, uzi wangu unaonekana."

Hapo ndipo Felisian alipopenda, kama mnataka kujua. Alimpenda kwa vile alivyogusa kioo cha kompyuta kwa ncha ya kidole, kama anahakiki mshono. Angesema saa ileile. Badala yake alisema, "Na mikono ya mshonaji yenyewe, mbaya kama ya mchimba visima," Letisia akamrushia kipande cha kitambaa, na wakati ukapita.

Felisian naye alikuwa amechoka. Alikuwa amefanya kazi Masasi, Tunduru, Nachingwea, kila mahali chumba cha kupanga na godoro la kukunja. Studio yake ilikuwa inakufa, filamu hakuna anayezitaka tena. Kaka yake alikuwa anamwita Songea akasimamie mashine ya kusaga, na alikuwa ameahidi kuondoka kabla ya Krismasi. Letisia alijua habari ya Songea. Alikuwa hajamwambia asiende, kwa sababu mtani humwambia mtani aende zake, tena haraka.

*

Kamera aliyoagiza Letisia ilifika dukani kwa Adinani kutoka Dar es Salaam, ndogo ya mwaka juzi, pamoja na lenzi fupi yenye mdomo mpana. Felisian alikuja kuikagua na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama. Aliikagua lenzi kwenye mwanga kama ina ukungu, akamwonyesha Letisia namna ya kubadilisha lenzi huku kamera imetazama chini ili vumbi lisiingie. Letisia alilipa. Adinani akafunga boksi kwa kamba.

"Letisia," alisema Felisian.

"Abee, mtumwa."

"Nataka nikuoe. Tufanye kazi hii pamoja. Nisiende Songea."

Mwanamume gani anatoa posa mbele ya friji ya soda, Jumamosi, watu wamejaa? Nawaambia ni mwanamume aliyeogopa kwamba akisubiri mahali pazuri hatasema kabisa. Adinani alipiga ukelele. Wakulima wa korosho wakageuka. Na Letisia, moyo ukiwa umeruka, alifanya kile ambacho Mmwera yeyote angefanya akiambiwa hivyo na Mngoni mbele ya watu.

"Mngoni gani anaoa kwa kamera niliyoilipia mwenyewe? Nenda Songea ukalete ng'ombe! Na ukishawaleta, uoge!"

Duka likavunjika kwa kicheko. Felisian alicheka pia, maana anayekasirika ameshindwa. Alicheka, akaaga, akatoka, na hakugeuka nyuma.

Letisia alirudi Ruangwa na boksi mapajani. Njiani alijiuliza: kama alimaanisha, mbona alisema dukani? Na Felisian kwenye godoro lake la kukunja alijiuliza: kama ananitaka, mbona hakusita hata kidogo? Ninawaonea huruma na nina hasira nao. Watu wazima wawili, na hakuna aliyepata namna ya kusema neno la kweli ambalo mwenzake hatalicheka.

Siku zikapita bila simu. Mwisho Letisia akasimama kwenye ngazi.

"Mngoni, mbona kimya?"

"Nafungasha."

"Unafungasha nini, masufuria mawili?"

"Hayohayo mawili."

Letisia alisubiri amtukane. Hakumtukana.

"Kamera inakwendaje?" aliuliza Felisian.

"Ipo." Ilikuwa bado kwenye boksi, kamba haijafunguliwa.

"Chaji betri kabla ya kila shughuli. Umeme wenu ni wa kubahatisha."

"Unaondoka lini?"

"Jumatatu."

"Haya." Letisia alibana nguzo kwa bega. "Wasalimie wake zako wa Songea."

"Nitawasalimia."

Simu ikakatika. Letisia aliingia ndani, akakaa kwenye cherehani, akalia bila sauti huku mguu unakanyaga pedeli tupu.

*

Ijumaa mama yake, Bibi Magreti, alifariki kijijini Nkowe. Alikuwa ameugua muda mrefu, na Letisia alikuwa amemuuguza kila mwisho wa wiki mpaka machozi yakamwishia kabla ya msiba. Jumamosi, siku ya mazishi, alikaa ndani na wanawake, kanga kichwani, macho makavu. Hilo nalo lilimtisha.

Nje, watani walikuwa kazini. Stefano, Mngoni, mwashi wa Ruangwa, alikuwa amevaa kanga ya marehemu na kuigiza kikohozi chake, akiwafokea wajukuu kwa sauti yake hasa. Waombolezaji walicheka na kufuta machozi. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kuwashikilia wafiwa wasizame.

Felisian alifika juu ya baiskeli ya kukodi. Adinani ndiye aliyempa habari. Alikuwa na lile shati jeupe, sasa limeloa jasho.

"Mngoni mwenzangu huyoo!" alipiga kelele Stefano. "Njoo tukalale kaburini! Hazikwi mtu hapa mpaka wafiwa watulipe!"

Felisian aliiegemeza baiskeli kwenye mti wa mkorosho. Hakucheka.

"Stefano, niache. Leo mimi si mtani."

Watu waligeuka kumtazama. Jambo hilo halisemwi. Mjomba Dominiko, kaka wa marehemu na msemaji wa ukoo, aliinuka kwenye kiti chake.

"Mwanangu, wewe si Mngoni?"

"Mngoni, mjomba."

"Si wewe uliyekuwa unamtania binti yetu kwenye simu mpaka mama yake, akisimuliwa, akawa anacheka kitandani?"

"Ndiye mimi."

"Sasa kama umekuja kumzika dada yangu na si mtani, umekuja kama nani?"

Felisian alifungua mdomo. Alikuwa amelisema neno la kuoa mara moja mbele ya watu, wakacheka. Safari hii yalitoka machozi tu, mwanamume mzima, mbele ya uwanja wote.

Letisia alikuwa ameyasikia yote dirishani. Aliinuka. Wanawake walimshika kanga, mfiwa hatoki hivyo, akajinasua. Alisimama mlangoni bila viatu.

"Mjomba," alisema. "Mkalishe kwa wakwe."

Hapakuwa na aliyecheka. Dominiko alimtazama mpwa wake, akamtazama yule bwana mwenye jasho, akavuta pumzi kama mtu aliyekwisha kuwa na mambo mengi siku hiyo.

"Wakwe msibani hawakai, hufanya kazi," alisema. "Shoka lile pale. Kuni hazijachanjwa, maji hayajatosha. Ongoza, mkwe."

"Jamani, tumeibiwa mtu mchana kweupe!" alilia Stefano, akajitupa chini, uwanja ukalipuka kicheko. Na mlangoni Letisia akaanza kulia, kwa sauti, kama mtoto, kwa mama yake na kwa yote.

Felisian alichanja kuni mpaka baada ya mazishi, mpaka jua likashuka nyuma ya mikorosho. Letisia alimletea maji kwenye kata, akamkuta ameketi kwenye gogo, viganja vimetoka malengelenge.

"Siku ile dukani hukuwa unatania," alisema.

"Sikuwa natania."

"Ungeniambia pembeni."

"Pembeni ningetania." Alikunywa maji yote. "Na wewe? Lile la kuoga?"

"Lile nilimaanisha."

Felisian alicheka, kicheko kidogo cha mtu asiye na nguvu za kucheka zaidi.

"Na Songea?" aliuliza Letisia. "Jumatatu ni kesho kutwa."

"Songea haihami. Mimi ndiye niliyechoka kuhama."

"Nimechoka na mimi, Feli. Nimechoka sana."

Felisian alijisogeza kwenye gogo kumpa nafasi. Letisia aliangalia kule walikokuwa wanawake, akaangalia kule alikokuwa mjomba, kisha akaketi ubavuni kwake mbele ya wote, akaegemeza kichwa kwenye lile shati lililoloa.