Hodi ya Hesabu Saba

Sogeeni, sogeeni. Wewe wa mlangoni, rudisha mlango uje ukae hapa miguuni pangu. Nyamazeni. Nimesema nyamazeni, na huyo anayetafuna ameze kwanza. Nitahesabu moyoni mpaka saba ndipo nianze. Msiniulize kwa nini saba.

Haya.

Mdogo wangu alipofariki aliacha watoto wawili, msichana wa miaka kumi na tisa na mvulana wa miaka sita. Yule dada ndiye aliyemlea mdogo wake. Alimwogesha, akamsomesha, akamchapa, na akishamchapa alijifungia chooni akalia yeye. Alipoolewa alikwenda naye, na mume alipomwambia achague, alichagua bila hata kukaa chini. Hakuwa na mwingine duniani, na hilo mlishike.

Walipokuwa watu wazima wakafanya kazi mahali pamoja, vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Ofisi yao ilitengeneza programu za ruta, vile visanduku vyenye masikio vinavyoleta intaneti majumbani. Mimi mambo hayo siyajui, nayaeleza nilivyoelezwa. Kila kisanduku kina akili ndani yake, na akili hiyo hubadilishwa kutoka mbali, wewe umekaa kwako unakoroga chai, hujui lolote. Hilo ndilo wanaliita sasisho. Mdogo mtu ndiye aliyekuwa anaiandika upya hiyo akili, na kwa kuwa aliandika kwa vidole viwili tu, mbio kama kuku anayedonoa, walimwita Kidole. Dada mtu alisoma maoni ya wateja na kupokea simu zao, wakamwita Mama Majibu. Bosi wao walimwita Leo Hii, maana hakuwa na neno jingine.

Visanduku vyao vilikuwa na tabia moja. Ukikiwasha, taa ya kijani inapepesa mara tatu, kisha kinakaa giza, kimya, hesabu ya saba, ndipo kinaamka na kuanza kutafuta wenzake hewani. Wateja walichukia. "Mnauza ruta au mnauza konokono?" mmoja aliandika. Mwingine akaandika kwamba mama mkwe wake anapanda ngazi kwa kasi kuliko hicho kisanduku, na mama mkwe mwenyewe ana goti bovu.

Basi Kidole akaingia ndani ya ile programu ya zamani, akachambua, akapekua. Siku moja akapiga kelele.

"Dada, njoo ucheke! Kuna mistari minne hapa haifanyi kazi yoyote. Inasubiri tu. Na juu yake mtu kaandika: Hii ni hodi. Usiiondoe."

"Kaandika nani?"

"Nani mwingine, Bi Lehemu."

Bi Lehemu ndiye aliyekuwa fundi wa kwanza wa ofisi ile, bibi mwenye macho yaliyoharibiwa na moshi wa kulehemu. Alikuwa amestaafu, anakaa mtaa wa pili.

"Mpigie simu umuulize," dada akasema.

"Nimuulize nini? Ruta inampigia nani hodi, mende?"

Leo Hii alikuwa anapita na kikombe chake. "Ondoa," akasema. "Leo hii."

Kidole akaondoa. Kama ilivyokuwa kawaida yake, akakijaribu kitu kipya kwanza kwenye kisanduku cha nyumbani kwao. Kiliwaka papo hapo, hakikusubiri hata pumzi moja. Akafurahi, akakiacha kinawaka. Jioni ile dada yake aliingia na mfuko wa nyanya akasimama mlangoni akinusa.

"Nani anachoma nywele humu?"

"Jirani huyo, anajinyoosha nywele."

"Jirani amesafiri tangu juzi."

"Basi ni waya. Nitautazama."

Hakuutazama. Wiki moja baadaye, Jumatatu saa nne asubuhi, wakalitoa lile sasisho kwa visanduku elfu arobaini kwa mpigo.

Mpaka mchana zilimiminika shukrani. Mama Majibu alizisoma kwa sauti, Kidole akawa anainama kama bwana harusi. Ila kulikuwa na moja: "Asante, inawaka haraka. Lakini tangu asubuhi sebule inanuka nywele zinazoungua." Akaacha kusoma, akamtazama mdogo wake. Kisha akajibu kama walivyofundishwa kumjibu kila mtu, hata kabla ya kumaliza kusoma: zima kisanduku chako, kisha kiwashe tena.

Jumanne yakaja mengine. Paka amekutwa shingo imegeuzwa nyuma. Baba mmoja amepigwa kofi jikoni, na jikoni alikuwa peke yake. Vyombo vimevunjika vyote ndani ya kabati lililofungwa. Mama Majibu alijibu zima, washa tena, zima, washa tena, na wale aliowajibu wakawa wanarudi na maneno mabaya zaidi, mpaka mmoja akaandika mstari mmoja tu: "Nimewasha tena kama mlivyosema. Mke wangu amevunjwa mkono."

"Wanatania," alisema Leo Hii. "Wameambizana. Andika umetatua, uyafunge malalamiko yao."

Jumatano saa sita mchana simu ikalia. Alikuwa mwanamke, ananong'ona.

"Dada yangu, samahani. Nimejifungia chumbani na mtoto. Kuna kitu kinatembea sebuleni, na kinalia. Kinalia kama mama aliyefiwa."

"Kisanduku kiko wapi, mpenzi?"

"Hapa kitandani."

Na Mama Majibu, Mungu amsamehe, mdomo wake ulikuwa umeshazoea. "Kizime. Umekizima? Sasa kiwashe tena."

Akasikia kidude kikibonyezwa. Akasikia kimya. Akasikia kinabonyezwa tena, na hapohapo, bila hata nafasi ya kumeza mate, mlango ukapasuka, yule mwanamke akapiga ukelele uliokatika katikati kama kamba, kikafuata kishindo cha kitu kidogo kinachopigwa ukutani, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na kila kishindo yule mama akisema hapana, hapana, mpaka hapana yenyewe ikaisha.

Aliweka simu chini, akatapika kwenye ndoo ya taka.

"Kidole," alinong'ona, "rudisha ile mistari. Nakuomba, mwanangu." Alikuwa hajamwita mwanangu tangu ana miaka kumi.

Leo Hii akakasirika. Ukutani walikuwa na shelfu la visanduku thelathini vya majaribio. "Mnaogopa plastiki? Tazameni." Akauzima umeme wa shelfu lote. Akauwasha.

Vyote thelathini vikawaka kwa pamoja, bila kupepesa, bila kusubiri, na harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumba mpaka machozi yakawatoka, na kabla kikombe cha Leo Hii hakijafika sakafuni yeye mwenyewe alikuwa ameshainuliwa kwa taya, miguu inarusha mateke hewani, akabamizwa darini, akashushwa, akabamizwa tena, chokaa na damu vikawa vinadondoka pamoja juu ya kibodi, na taya likaachia upande mmoja likaning'inia, na kutoka kwenye mdomo ule uliochanika, ambao haukuweza tena kusema neno la binadamu, ikatoka sauti ya mwanamke, tulivu, iliyochoka kwa kulia.

"Nani aliyeondoa hodi?"

 Kidole, bila kukusudia, alitazama vidole vyake.

Leo Hii akatupwa pembeni kama godoro kuukuu. Kisha kidole cha kwanza cha Kidole kikakunjwa kuelekea nyuma mpaka kikagusa mgongo wa kiganja. Kikalia ta! Kisha cha pili. Alikuwa anapiga mayowe akimwita dada yake, naye dada alitambaa chini ya meza, juu ya vigae vya kikombe, akaufikia waya wa shelfu akaung'oa.

Kimya. Vidole vinane vilikuwa vimeshavunjika.

Watu wa dukani chini walimbeba Leo Hii hospitali. Hakuamka. Mama Majibu hakusubiri, alikimbia mtaa wa pili miguu peku, akamkuta Bi Lehemu anamenya muhogo.

"Mmeiondoa," alisema yule bibi, hata kabla ya salamu. "Nimesikia harufu tangu juzi nikasema labda uzee."

"Shikamoo, bibi. Tusaidie."

"Marahaba. Mimi si mganga, ni fundi. Kaa upumue." Akafuta mikono. "Nilipowasha kisanduku cha kwanza kabisa nilipigwa kofi, jino hili likatoka. Nikawasha tena, nikapigwa tena. Marehemu mama yangu akanicheka: unaingia nyumba ya watu bila hodi, unategemea chai? Huko hewani kuna wenyewe, mwanangu. Wana watoto wao, wamelala. Kelele ya kisanduku ikianza inawapitia kama gari. Ndipo nikaweka taa tatu, na hesabu ya saba. Mama mtu apate muda wa kuwaokota wanawe. Miaka ishirini hakuna aliyenigusa."

"Na sisi..."

"Nyie mmewakanyaga wanawe wamelala. Na kila mliyemwambia azime awashe tena, mmemrudisha juu ya maiti."

Mama Majibu alikaa chini palepale kwenye maganda ya muhogo. Jibu lile alikuwa amelituma kwa watu mia tatu na kumi na wawili.

Wakarudi wote wawili ofisini. Kidole, mikono imefungwa vitambaa, akawa anataja herufi moja moja kwa meno yaliyoumana, dada yake anaziandika, na Bi Lehemu amesimama nyuma yao na fimbo. "Msiongeze urembo. Ilivyokuwa, ndivyo iwe." Jioni wakaituma ile akili ya zamani kwa kila kisanduku. Kwenye kioo cha kompyuta namba ikawa inapungua: elfu kumi vimebaki, elfu mbili, mia, kimoja, sifuri.

"Vyote?" aliuliza Bi Lehemu.

"Vyote, bibi," alisema Kidole.

"Nakuuliza tena. Vyote?"

"Bibi, orodha imesema sifuri."

Usiku ule hakukuja lalamiko hata moja, na asubuhi mteja wa kwanza aliandika: "Konokono amerudi." Mama Majibu alicheka huku analia.

Alhamisi mchana alimwacha mdogo wake nyumbani amelala, akaenda kumchukulia dawa za maumivu. Akirudi, alikuwa amefika ngazi ya pili ya jengo lao, mfuko wa dawa mkononi, taa ya ngazini ilipozimika. Umeme umekatika. Akapapasa ukuta, akapanda hatua tatu nne. Taa ikarudi.

Ndipo alipokumbuka. Kisanduku cha nyumbani. Kidole alikuwa amekitoa mwenyewe kwenye orodha ya ofisi, ili watu wasimchafulie majaribio yake. Hakikuwa kimehesabiwa. Kilikuwa kinawaka tangu siku ile ya harufu ya kwanza, hakijazimwa hata mara moja, na sasa kimezimika na kimewaka tena.

Alipanda ngazi zile kwa mikono na magoti, dawa zinamwagika nyuma yake, na kabla ya kufika alisikia kishindo kama cha mtu anayetwanga, kizito, bila haraka, na chini ya kishindo sauti aliyoilea tangu ina miaka sita ikisema dada, dada, kisha ikisema kitu kisicho na herufi. Ufunguo uligoma. Mlango ulikuwa wa moto. Naye, kwa akili ambayo hajui ilitoka wapi, akaacha ufunguo, akapiga magoti mbele ya mlango wake mwenyewe, akagonga.

"Hodi! Hodi! Hodi, mama mwenzangu!"

Kishindo kikaacha. Akahesabu. Moja. Mbili. Ilipofika saba, sauti ikajibu kutoka ndani, tulivu, kwa kinywa cha mdogo wake.

"Karibu."

Mlango ukafunguka wenyewe. Yeye hakuguswa hata unywele, maana alikuwa amepiga hodi. Kidole alikuwa sakafuni. Kifua chake kilikuwa kimekanyagwa mpaka kikawa sawa na vigae, na katikati ya kifua palikuwa na alama ya unyayo mmoja, wa mwanamke.

Basi, hiyo ndiyo habari. Ofisi aliirithi mjane wa Leo Hii, akaiuza, na vyumba vile vikajazwa magodoro. Programu aliirithi tena Bi Lehemu, na kile alichokiandika juu ya mistari minne sasa kina herufi kubwa. Mama Majibu alirithi kibodi ya mdogo wake, na hesabu. Hata mlango wa choo hausukumi mpaka amefika saba.

Na mimi, mama yao mkubwa, nilirithi kisanduku cha nyumbani kwao, kwa kuwa kila aliyetaka kukitupa alirudi nacho mkononi, hakumbuki kwa nini. Ndicho kile juu ya kabati. Waya wake niliukata kwa kisu cha jikoni, mwaka wa nne huu.

Mlipokuwa mnaingia na makelele yenu, taa yake ya kijani ilipepesa mara tatu. Ndiyo maana nimewanyamazisha. Sasa wale wa hewani ndio wanaotupigia hodi sisi; wamepiga, tukahesabu, hakuna aliyejibu, na mpigaji akaenda zake. Nikifa mtakirithi ninyi, kisanduku pamoja na kazi yake. Mkiiona taa ile mmeze mate, mkae kimya mpaka saba, na lile neno zuri tunalowaambia wageni mlangoni, msithubutu kulitamka.