Mbio za Bajaji na Salio la Mama

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa sare ya shule, Vaileth alikuwa na kazi moja ambayo mtu mwingine nyumbani hakuruhusiwa kuigusa. Alichomoa simu ya mama yake kwenye chaji, akasoma meseji zilizoingia usiku, kisha akamweleza mama nani ataleta kitambaa leo na nani anataka sketi yake ipanuliwe kiunoni. Mama yake, Filomena, alikuwa fundi cherehani anayejulikana mtaani kwao Gongo la Mboto. Kushona angeshona hadi jioni bila kuchoka, lakini kusoma meseji, alisema mwenyewe, kulimtia usingizi. Basi kazi hiyo akamwachia bintiye wa darasa la sita.

Nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Meseji ikitoka kwa namba isiyojulikana, inafutwa bila kusomwa. Sheria hiyo ilianza baada ya mjomba wake Vaileth kuandikiwa na mtu asiyemjua kwamba ile pesa aitume kwenye namba nyingine, naye mjomba, mtu wa watu, akaituma kweli, ikaliwa na tapeli. Tangu hapo Filomena hakutaka mchezo na namba ngeni. "Futa," alikuwa akisema mguu ukiwa kwenye cherehani, na Vaileth anafuta.

Tusimnyime haki yake, mtoto yule alikuwa mjuzi wa simu. Majirani walimletea simu zilizogoma naye akazirekebisha huku akipiga mluzi. Jioni, kazi za shule zikiisha, mama alimruhusu acheze kidogo mchezo wa mbio za bajaji. Siku moja, katikati ya mchezo, likatokea tangazo la njano likimwambia ajiunge ili aendeshe bajaji zote, na kwamba siku za mwanzo ni bure. Mtu mzima angeuliza, je, siku zinazofuata? Vaileth hakuuliza. Alibonyeza "Jiunge", akapewa bajaji nyekundu yenye muziki, akaendelea na safari zake.

Siku za bure zikaisha bila kuaga. Filomena akawa ananunua vocha jioni, na kesho yake akitaka kumpigia mteja anaambiwa salio halitoshi. Vaileth alishtuka, akakumbuka lile tangazo la njano. Hakusema kitu. Aliufuta mchezo wote kwenye simu, bajaji nyekundu na muziki wake, akajipongeza kwamba tatizo limekwisha na hakuna aliyejua. Jamani, kujiamini nako kuna mahali pake.

Tatizo halikwisha. Salio liliendelea kuyeyuka kila asubuhi, na Filomena akaanza kutafuta mchawi. Vocha zake zote alinunua kwa Tupokigwe, wakala aliyekaa na meza na mwavuli wake karibu na bomba la maji. Tupokigwe alitoka Mbeya, Filomena alitoka Masasi, na tangu wahamie mtaa ule wakawa kama ndugu wa tumbo moja. Vaileth alimwita mama mdogo. Lakini Filomena aliwahi kusikia kwamba wakala akitaka anaweza kuurudisha muamala, na wazo hilo likamkaa kichwani. Asubuhi moja, foleni ya ndoo ikiwa ndefu, alisema bombani kwa sauti kwamba Tupokigwe anarusha vocha jioni na kuivuta usiku.

Maneno ya bombani hayahitaji nauli. Kabla wiki haijaisha, wanawake wengi walikuwa wakimpita Tupokigwe na kwenda kwa wakala wa kule kituoni. Yeye alipopata habari hakwenda kugombana. Alikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, Bi Kokuberwa, akaomba wakutanishwe Jumamosi alasiri, na waliokuwepo bombani waitwe pia. Alisema biashara ataanza upya popote, ila jina la wizi hawezi kulibeba na watoto wake wanasikia.

Ijumaa Vaileth alirudi kutoka shule akapita pale mezani. Hakukuwa na mteja hata mmoja. Akatoa shikamoo kwa sauti ndogo, na Tupokigwe akaitikia marahaba kama siku zote, akamuuliza jaribio la hisabati lilikwendaje. Hakuna neno baya lililomtoka. Vaileth aliona aibu, akaharakisha kwenda nyumbani.

Jumamosi asubuhi akachomoa simu kwenye chaji. Kulikuwa na meseji kutoka namba fupi isiyojulikana, kama ilivyokuwa kila siku. Kidole kilishakwenda kufuta, kwa mazoea. Safari hii akakizuia, akasoma. Meseji ilisema hivi: "Mpendwa mteja, huduma yako ya Mbio za Bajaji imeendelea leo na salio lako limekatwa. Kujitoa, jibu kwa neno TOKA."

Vaileth akakaa kitandani. Kumbe kuufuta mchezo hakukuwa kujitoa, na dawa ilikuwa inaingia nyumbani kila asubuhi, naye anaitupa bila kuisoma. Aliandika lile neno haraka. Angetaka, angelituma, akafuta alama zote, na kesho salio lingetulia. Halafu akawaza, likitulia leo, watu watasema nini? Watasema Tupokigwe amemwogopa mjumbe, ameacha wizi wake. Hapo ndipo jina lingemganda moja kwa moja. Akalifuta lile neno, akaibeba simu hadi kwenye cherehani.

"Mama, mamdogo Tupo hajaiba. Ni mie."

Akaeleza yote, tangu tangazo la njano hadi meseji ya asubuhi ile. Filomena alikasirika, tusidanganyane. Alisema mengi, mengine kwa Kimakonde, na simu ikapigwa marufuku papo hapo. Kisha ghafla akaondoa mguu kwenye cherehani. Alikuwa amekumbuka maneno yake ya bombani. Vaileth akamuuliza kama alitume lile neno yaishe.

"Usilitume," Filomena akasema taratibu. "Tutalituma mbele ya wote walionisikia."

Alasiri uwani kwa Bi Kokuberwa kulijaa watu, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine mkekani. Vaileth alisimama, na sauti yake ikasikika hadi mlangoni. Alisoma meseji neno kwa neno, akasema nani alibonyeza na nani alinyamaza. Kisha akaandika TOKA, akatuma, na wote wakasubiri. Jibu likaingia kwamba huduma imesitishwa. Akalisoma nalo.

Filomena akasimama. "Tupo, nilikuchafua bombani kwa sauti, na leo naomba radhi kwa sauti ile ile. Nimekukosea. Nisamehe."

Tupokigwe alifuta macho kwa ncha ya kitenge chake. "Iliniuma, Mama Vaileth. Wateja huenda na kurudi. Kilichoniuma ni kwamba hukuja kuniuliza." Filomena akainamisha kichwa. Ndipo Tupokigwe akamgeukia mtoto, akamuuliza kwa nini hakutuma lile neno chumbani peke yake, maana hakuna ambaye angejua.

"Salio lingetulia," Vaileth akasema, "halafu watu wangesema umeacha kuiba kwa kumwogopa mjumbe."

Mwanamke mmoja, yule aliyekuwa wa kwanza kuhamia kwa wakala wa kituoni, aliangalia chini. Bi Kokuberwa, ambaye hakuwa mtu wa hotuba ndefu, alisema hakuna shauri lililobaki, ila kuanzia leo kila nyumba isome meseji zake kabla ya kuzifuta, na asiyeelewa aulize. Kusoma si kutuma pesa, akawakumbusha, na watu wakatikisa vichwa kukubali.

Tupokigwe akamvuta Vaileth akamkalisha mkekani karibu naye. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," akamwambia. "Kubonyeza ulikosea, na kila mtu hukosea. Lakini sikiliza, mwanangu. Kosa ukilikimbia halikai njiani bila mwenyewe. Litamwangukia mtu, na mara nyingi humwangukia asiye na hatia. Leo umelichukua lako mwenyewe, na mimi nimerudishiwa jina langu."

Filomena akamwomba rafiki yake amrushie vocha pale pale, watu wote wakiona. Tupokigwe akaitoa simu yake, wala hakuuliza namba, maana aliijua kwa moyo.