Kidole Gumba Pembezoni mwa Ukurasa

Ilikuwa Jumanne, saa nane na dakika kumi na saba mchana. Saa ya ukutani katika ukumbi wa kusomea ilionyesha saa nane na dakika ishirini na tatu, lakini ilikuwa ikitangulia kwa dakika sita, na kila mtumishi wa maktaba ile ya chuo kikuu alilijua jambo hilo na kulipuuza. Kwa hiyo dakika kumi na saba ndiyo sahihi.

Wakati huo mkutubi wa meza ya marejeo alikuwa ameketi na binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akitambaa, wakitafuta makala moja. Kila walipoandika anwani yake katika kisanduku cha utafutaji, kompyuta iliwapa ikisiri tu, mistari sita ya kuonjesha, na chini yake maneno yaleyale: makala kamili haipatikani hapa. Nakala iliweza kuombwa kutoka maktaba nyingine, ikafika baada ya siku mbili tatu, ila mwanafunzi aliruhusiwa maombi matano kwa mwaka, na binti alikwisha kuyamaliza yote. Tasnifu yake ilitakiwa Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo jina lake lingeondolewa katika orodha ya wahitimu.

"Mama mdogo, ndiyo nimekwama?" alinong'ona.

"Maji hayajafika shingoni. Sogea nikuoneshe ya wakubwa."

Akafanya walichozoea kufanya wakutubi wa pale: akaingia kwa namba ya Mzee Gundi. Mzee huyo alikuwa fundi wa kushona na kubandika vitabu vilivyochakaa, akafariki mwaka mmoja na nusu uliopita mezani pake, sindano mkononi. Namba za watumishi hazikuwa na kikomo cha maombi, na yake haikufungwa kamwe. Waliiweka kwa ajili ya dharura, wakitaniana kwamba mzee amekuwa msomaji hodari kuliko wote, hachoki wala hasinzii. Katika fomu ya ombi palikuwa na nafasi ya kuandika jina la anayeombewa. Wakutubi wengine wote walikuwa wakiiacha wazi. Yeye, kwa uangalifu wake, aliijaza: jina la binti na namba ya kadi yake.

Akabonyeza. Kabla hajainua kidole, makala ilikwisha kufika.

Kurasa kumi na tisa, safi, hazikosi hata nukta. Binti alicheka kwa furaha. Mkutubi hakucheka, kwa kuwa ilimjia harufu ya gundi mbichi, ile ya unga uliopikwa, ambayo haikuwa imesikika mle tangu mazishi. Tena pembezoni mwa ukurasa wa kwanza palionekana kidole gumba cha aliyekishika kitabu wakati wa kukipiga picha. Hilo ni la kawaida, kwani wapiga nakala wana haraka zao. Ila ukucha wa kidole kile ulikuwa umepasuka katikati, na mkutubi alikuwa ameuona ukucha huo kwa miaka tisa.

Akamtumia binti makala hiyo hivyo hivyo. Ijumaa ilikuwa karibu mno.

Jumatano asubuhi binti alimweleza, kama mtu anayesimulia kichekesho asichokiamini, kwamba kidole kimesogea. Jana kilikuwa ukingoni. Leo kinafunika neno la mwanzo la mstari. Kufikia adhuhuri vilikuwa vidole viwili, na kila alipofunga makala na kuifungua tena mkono uliingia ndani kidogo zaidi, kama wa mtu anayepapasa chini ya mlango. Alipoweka kadi yake kwenye mashine ya mlangoni, ile inayomwonyesha kila aingiaye jina lake, ilitulia kitambo, ikaandika: Karibu, Mzee Gundi. Walinzi walicheka. Binti akanusa vidole vyake, akaenda kunawa, akarudi, akanusa tena, akaenda tena kunawa, na mkutubi aliyekuwa akimtazama toka mezani pake alihesabu safari saba kabla ya kuinuka kwenda kupiga simu.

Aliyemwita alikuwa Bibi Fihirisi, mstaafu aliyeorodhesha vitabu vya maktaba ile kwa miaka thelathini, ambaye watu walimwendea pia kwa mambo yasiyoorodheshwa. Alifika Alhamisi saa tisa alasiri. Alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja: je, mzee alitiliwa saini fomu ya kuondoka? Kila anayetoka chuoni, hata atokaye kwa jeneza, sharti maktaba ithibitishe kwamba hadaiwi kitu na namba yake imefungwa. Mkutubi akakiri kwamba hakutiliwa.

"Nyumba mliiacha wazi, mwanangu, mkadhani itakaa tupu?" alisema bibi kwa sauti ya chini. "Gundi alikwenda zake zamani. Aliyemo ni jini, mpangaji tu, amevaa mkono wa mwenye nyumba. Na wewe umemwandikia jina la nyumba yenye damu, la huyu binti."

Dawa yake ilikuwa fomu hiyo, saini na mhuri. Lakini kilichoingia kwa namba ile kwa jina la binti sharti kitoke kwanza: makala, na kila sentensi iliyotokana nayo.

"Sura ya tatu yote imesimama juu yake, Bibi."

"Basi ilale."

Binti alimtazama mama yake mdogo. Mkutubi, aliyekuwa ameyasubiri mahafali yale kwa hamu miaka minne kuliko binti mwenyewe, alitikisa kichwa kukubali. Binti akaanza kufuta, na kadiri alivyofuta harufu ilizidi, na kutoka kwenye kompyuta isiyo na spika ukatoka mkwaruzo wa ule mfupa ambao mafundi wa vitabu hukunjia karatasi, taratibu, ukunjo baada ya ukunjo, na mkono ukatanda ukurasa wa kumi na tisa mzima, kiganja kikiwa kimebandikwa kwenye kioo kwa ndani, mpaka binti alipofuta makala yenyewe; ndipo mkutubi akatia saini asiyoiona kwa machozi, akagonga mhuri, akafunga namba.

Kimya. Binti alikwenda mlangoni, akaweka kadi. Likatokea jina lake.

Aliwasilisha tasnifu yenye pengo, akaambiwa airudie baada ya miezi sita.

Wapo wasemao kwamba haya yalitokea usiku wa manane, taa zimezimika. Ilikuwa alasiri, taa zote zinawaka, na msafishaji alikuwa akipiga deki hatua nne kutoka pale. Wapo wasemao kwamba mzee aliwageuka wenzake. Bibi Fihirisi hakubali asingiziwe maiti. Na wapo wasemao kwamba nakala zote zilifutwa. Hilo nalo si kweli. Jumatano saa tatu na nusu asubuhi binti alikuwa amemtumia msimamizi wa tasnifu yake nakala moja. Msimamizi hushikilia kwamba hakuifungua. Lakini Jumatatu iliyofuata, saa mbili na dakika tano kwa saa iliyo sahihi, alionekana amesimama mlangoni pa maktaba, kadi mkononi, haingii, akinusa vidole vyake.