Maduka Manane

Saa nne asubuhi soko lilikuwa limejaa, watu wanapishana kwa mabega. Povu alikuwa anashusha katoni za sabuni alipomwona mwanamke amesimama mbele ya duka la jumla, anahesabu watu. Hanunui, haulizi bei. Kila mteja akitoka na mche wa sabuni, yeye anachora kamstari kwenye karatasi. Alivaa gauni la kijani lililonyooka kwa pasi, na miguuni raba nyeupe ambazo tope la soko lilikuwa limeshaanza kuzila.

"Dada, kama wewe ni mtu wa kodi, mwenye duka yuko ndani," Povu alimwambia. "Mimi dereva tu."

"Mimi si mtu wa kodi."

"Basi kuna mtu unamfumania."

Mwanamke akacheka. "Nawafumania wateja wenu. Tangu asubuhi thelathini na mmoja wametoka na sabuni ya wenzenu. Ya kwenu, saba. Unajua kwa nini?"

"Yetu ina jina pale katikati tu. Muuzaji akishaikata vipande, vingi vinabaki havina jina. Kesho mteja ataomba sabuni gani, na hajui inaitwaje?"

Kalamu ikasimama. "Hilo umemwambia nani kiwandani?"

"Kiwandani nani ameniuliza?"

Huo ndio ulikuwa mwanzo wao. Povu alikuwa amesambaza sabuni za kiwanda kile kwa miaka kumi na mitatu, na jina lake la kwenye kitambulisho walilijua wachache. Mwanamke alitoka kwenye kampuni inayowaandikia wenye biashara mipango: wauze wapi, wamuuzie nani, watangaze vipi. Wakubwa wa kiwanda walikuwa wamemkodi awaandikie mkakati wa miaka mitatu. Wao soko walilijua kwa kulichungulia kwenye kioo cha gari, kwa hiyo ilibidi watafute mtu wa kutembea kwa niaba yao.

Aliomba apande gari la Povu wiki mbili, apime kila duka linachukua katoni ngapi. Povu akambatiza Bi Mkakati siku ileile.

Ruti ilikuwa na maduka kumi na tisa. Kumi na moja yalikuwa mjini, na manane yalikuwa mbali, kule kwenye machimbo ya kokoto, barabara inakotingisha mpaka meno. Povu aliyamaliza yote kila siku, jua likiwa bado liko juu. Lakini kabla ya hapo hakuwa na mtu wa kuongea naye garini. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na tangu hapo redio tu ndiyo iliyomsemesha.

Sasa akaendesha pole pole. Chai ya dakika kumi ikawa ya saa nzima.

"Povu, hivi gari lako lina gia ya tatu?"

"Ipo. Ila ikisikia sauti yako inagoma kuingia."

"Muone! Maneno hayo umewaambia wangapi?"

"Wanawake wote wa ruti hii wananijua kwa sabuni tu, roho yangu. Waulize."

Jioni wakaachana, na kabla Bi Mkakati hajavua viatu, Povu anampigia.

"Umefika?"

"Nimefika. Umekula?"

"Bado. Nakuwaza."

"Mimi siliwi, Povu. Kale."

Ilipofika zamu ya machimbo, saa zilikuwa zimekwisha. Siku ya kwanza Povu alisema, "Kule bado wana mzigo wa juzi." Siku ya pili akasema hivyo hivyo. Ulimi ukazoea. Kwa wiki mbili nzima walikwenda machimbo mara mbili tu, na Bi Mkakati, ambaye kazi yake ni kuandika anachoambiwa na anachokiona, aliandika kwamba maduka yale manane hayachukui mzigo wa maana.

Mwezi uliofuata meneja wa masoko alimwita Povu ofisini. Hakumkaribisha kiti. Akamsomea karatasi: karibu nusu ya maduka hayalipi, kwa hiyo ruti inafutwa mwisho wa mwezi, gari linauzwa, dereva atahamia stoo kubeba katoni.

"Nani kasema ruti haiuzi?"

"Mpango umesema."

"Wewe umewahi kufika machimbo, bosi?"

"Nimesoma ukurasa wa kwanza. Unatosha."

Povu alimpigia Bi Mkakati akiwa bado kwenye ngazi.

"Umenimaliza. Nimekupakia garini kwangu, umekwenda kunichongea!"

"Nimeandika nilichoona, mpenzi. Ulitaka niandike nilichopenda?"

"Usiniite mpenzi."

"Haya. Basi na wewe ukitulia, unitafute."

Povu alikata simu. Siku tisa hakumtafuta. Aliwatukana wakubwa kwa kila aliyemsikiliza, na walistahili, lakini kila akimaliza kutukana aliona bado kuna kitu hajakisema.

Aliyekiona ni mama mkwe wake. Mama huyu alikuja kuuguza bintiye na hakuondoka tena. Aliishi na Povu kama mama na mwanawe. Jumapili alikuwa anafua uani, Povu anamwagia maji.

"Baba, hayo maduka ya machimbo kweli yalikuwa na mzigo?"

Povu akaendelea kumwaga maji mpaka beseni likafurika.

"Nimekuuliza."

"Sikuwa nafika, mama."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa... tulikuwa tunaongea."

Mama mkwe akakamua shati kama anakamua shingo ya mtu. "Kwa hiyo binti wa watu umemnunia kwa uongo uliomlisha mwenyewe. Na wale wa machimbo watafulia nini, maongezi yenu? Mwanangu mimi nilimlilia, nimemzika. Usinifanye nikulilie na wewe ungali hai. Kesho mwambie. Na ukimwambia, usirudi hapa peke yako."

Kesho yake saa tatu Povu alipiga.

"Niko mlangoni, wakubwa wako ndani wanasubiri kuutia saini mpango," Bi Mkakati alijibu. "Sema haraka."

"Machimbo wanachukua katoni kumi na sita kwa siku. Nilikudanganya. Sikutaka chai iishe."

Simuni viatu vya watu vilisikika vikipita kwenye korido.

"Unajua nikisema hivyo humo ndani, wewe unafukuzwa?"

"Najua. Sema."

Simu ikakatwa. Povu aliegesha gari mbele ya geti la kiwanda, akaketi. Saa moja na nusu ikapita.

Bi Mkakati alitoka amevaa suti ya bluu, bila faili. Alikuja mpaka dirishani.

"Nimewaambia vipimo vyangu vina kasoro. Nimewaambia kosa ni langu, nilikaa ndani ya gari nililokuwa nalipima. Wewe sikukutaja."

"Wakasemaje?"

"Ruti yako wanaiacha miezi sita, ipimwe upya. Mimi wameniondoa. Watatafuta kampuni nyingine."

Hivyo ndivyo ilivyokuja kuwa. Kampuni nyingine ilikuja na tai ndefu zaidi, ikapima, ikakuta yaleyale aliyoyasema Povu sokoni bila kulipwa. Jina likapigwa chapa kwenye mche mzima, ncha hadi ncha, na meneja wa masoko akapigwa picha ameushika, kama aliuzaa yeye.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Pale getini Povu alikuwa hajui afanye nini na mikono yake.

"Una hasira na mimi."

"Nyingi. Wala hazitaisha leo."

"Njoo uzimalizie kwangu. Namaanisha... kabisa. Uje ukae. Tuoane." Jasho lilikuwa linamtiririka. "Mama mkwe kasema nisirudi peke yangu."

"Yaani unaniposa kwa sababu umetumwa?"

"Hapana! Nimetumwa, ndiyo, ila hata nisingetumwa..."

"Lete simu."

Akampa. Bi Mkakati akapiga mwenyewe, akaegemea mlango wa gari, mgongo kwa Povu.

"Shikamoo, mama. Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, ameniambia yote." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Hapana, mama, hajasema vizuri hata kidogo. Ila nimemwelewa." Akageuka, akamtazama Povu juu hadi chini. "Tunakuja, mama. Apitie machimbo kwanza."