Kijitabu cha Mama Nyamusi

Duka la Kwamboka liko Keroka, hatua chache kutoka barabara kuu. Lori likipita, dirisha hutetemeka na karatasi hucheza mezani. Kwamboka amezoea. Kazi yake ni kutengeneza kadi za harusi, mabango ya kanisa na vijitabu vya mazishi. Watu wanampenda kwa sababu hamharakishi mtu. Ukija na machozi, atakuacha ulie kwanza, ndipo akuulize majina.

Jumanne moja asubuhi alikuja Mzee Anyona kutoka Nyaramba. Mke wake, Nyamusi, angezikwa Alhamisi. Mzee hakuja na karatasi yoyote.

"Binti yangu, mimi si mtu wa kuandika," alisema. "Nitasema kwa Ekegusii, wewe uweke kwa Kiswahili, wakwe zetu wa Kakamega nao waelewe. Utaweza?"

"Nitaweza, baba. Keti hapa karibu nami."

Basi mzee akasema, na Kwamboka akaandika moja kwa moja kwenye kompyuta, ndani ya programu anayotumia kupanga kurasa. Mzee alieleza jinsi Nyamusi alivyochuma majani chai huku akiimba nyimbo za kanisani. Alieleza jinsi alivyowalea watoto sita. Saa mbili zikapita. Kisha mzee akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Kuna jambo sijawahi kulisema," akasema. "Nyamusi alikuwa na ng'ombe wa maziwa. Alimnunua kwa jasho lake. Mimi nikamwuza, nikanywa pombe. Yeye akawaambia watoto kwamba ni yeye aliyemwuza. Watoto wakamnunia mama yao miezi mingi, mimi nikitazama tu. Andika hivyo. Nataka wajue mama yao alikuwa nani."

Kwamboka aliandika huku machozi yakimtoka. Mzee hakungoja kusomewa. Alivaa kofia, akaenda kupeleka nguo za kumvika marehemu. Angerudi saa nane mchana.

Sasa ikabaki picha ya jalada, ambayo watoto wa mzee walikuwa wameituma kwa simu. Ilikuwa picha kubwa mno. Kwamboka alipoiingiza, programu ikaganda. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Wapi! Ghafla kurasa zote zikatoweka, programu ikajifunga yenyewe.

"Nyasae! Mungu wangu!" Kwamboka akashika kichwa.

Hakuwa amehifadhi hata neno moja. Usishangae, alikuwa na sababu yake. Mwaka uliopita alihifadhi nakala nyingi za kijitabu kimoja, akachapisha ile ya zamani. Watoto wa mama mdogo wakakosa majina yao, na ukoo mzima ukagombana kaburini. Tangu siku hiyo alijiwekea sheria: hahifadhi kitu mpaka familia isome na kukubali. Alikimbia moshi akaingia motoni, maskini.

Alitoka mbio hadi duka la pili. Hapo yupo Persis, fundi wa kompyuta, ambaye pia hufundisha kwenye chuo cha ufundi.

"Mwalimu Persis, nimekwisha! Programu imejifunga, kazi ya Mzee Anyona imepotea. Maji yakimwagika hayazoleki!"

"Hayo ni maji. Hii ni kompyuta," Persis alijibu, akichukua miwani yake. "Umegusa nini baada ya kujifunga?"

"Sijagusa kitu. Nilitaka kuanza upya."

"Ashukuriwe Mungu hukuanza. Twende."

Persis alivuta kiti. "Sikiliza, dada. Programu nyingi za aina hii hujiwekea akiba zenyewe, kila baada ya dakika chache. Ukikimbilia kufutafuta vitu, waweza kuifuta akiba hiyo. Kwa hiyo usifute chochote. Fungua programu tena, halafu ngoja."

Kwamboka akafungua. Ujumbe ukatokea kwenye skrini, na kidole chake kikaenda mbio kubonyeza "Hapana".

"Wewe!" Persis akamshika mkono. "Umesoma?"

"Huo ujumbe huja kila ikijifunga. Mimi huukataa. Nilidhani ni virusi."

"Virusi! Inakuuliza kama ikurudishie kazi yako, na wewe unaifukuza kama mbwa wa jirani. Haya, ikubalie."

Kwamboka akabonyeza "Ndiyo". Wakangoja. Kisha kurasa zikarudi: majani chai, nyimbo, watoto sita. Kwamboka alipiga makofi, akataka kuanza kusahihisha.

"Bado," Persis akasema. "Hii ni ya kuazima. Kwanza ihifadhi kwa jina jipya. Halafu weka nakala nyingine kwenye flashi."

Akafanya hivyo. "Na kama ujumbe usingetokea?"

"Tungetafuta folda ambayo programu huweka akiba zake. Tungeangalia faili ya saa ile kazi ilipopotea, tuinakili kwanza mahali pengine, ndipo tuifungue. Kuuliza si ujinga, umesikia? Na hiyo picha, ipunguze ukubwa kabla ya kuiingiza. Ndiyo imeilemea programu."

Kwamboka akateremka hadi ukurasa wa mwisho. Habari za ng'ombe hazikuwepo.

"Akiba ya mwisho iliwekwa kabla hujaandika hayo," Persis alisema kwa upole. "Hayo hayatarudi. Pole sana."

"Nayakumbuka. Naweza kuyaandika mwenyewe, asijue."

"Kwamboka, ni maneno ya nani hayo?"

Kwamboka akaondoa mikono kwenye kibodi.

Saa nane Mzee Anyona aliingia. Kwamboka alisimama. "Baba, nimekukosea. Sikuhifadhi kazi. Tumeirudisha karibu yote, lakini yale maneno ya ng'ombe yamepotea. Nisamehe."

Mzee alikaa polepole. Akavua kofia tena.

"Asubuhi niliyatupa kama mtu anayetupa mzigo akimbie," akasema. "Na nimejuta njia nzima kwamba sikuyasema vizuri. Andika."

Safari hii alisema taratibu. Alitaja jina la ng'ombe. Alitaja jina la mtu aliyemnunua. Kwa kila sentensi, Kwamboka aliweka kidole kimoja kwenye Ctrl na kingine kwenye S.

"Hapo unabonyeza nini kila mara?"

"Ninahifadhi, baba. Hata stima ikipotea sasa hivi na kompyuta izime, maneno yako yapo."

Kuanzia hapo mzee alisema sentensi moja, akatazama vidole vya Kwamboka, ndipo akasema nyingine. Ya mwisho ilikuwa mpya: "Nyamusi, nilikuacha ubebe aibu yangu, na sikuwahi kukuambia asante. Asante."

Kwamboka aliihifadhi hiyo mara tatu.

Kabla ya kufunga duka, Persis alimwonyesha dawa ya ile hofu yake ya zamani. Nakala nyingi si kosa, kosa ni kutozitofautisha. Faili ya kwanza ikaitwa Nyamusi 1, iliyofuata Nyamusi 2. Ile ambayo mzee alisomewa na kuikubali ikawekwa peke yake katika folda ya kuchapisha. Jumatano asubuhi programu ikaganda tena na kujifunga. Kwamboka hakukimbia popote. Alifungua faili yake, akakuta kila neno mahali pake, akaendelea kupanga jalada.

Alhamisi alivipeleka vijitabu Nyaramba mwenyewe, akakaa nyuma na majirani. Bosire, kifungua mimba wa mzee, ndiye aliyesoma. Alisoma vizuri mpaka akafika kwenye ng'ombe. Akasita. Akasoma tena mstari uleule, kimya, midomo ikicheza. Ndugu zake wakainua vichwa.

"Mama," Bosire alisema akigeukia jeneza, "tulikununia bure."

Mzee Anyona alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja hasira ya watoto wake. Bosire alimpa dada yake kijitabu amalizie. Kisha akaenda akaketi kando ya baba yake, akaushika mkono wake, na hakuuachilia mpaka ibada ilipokwisha.